Shahidi Kutoka Lucknow: Mirza Abu Talib na Aibu Kumi na Mbili za Waingereza

Kila inapotajwa habari ya Waislamu waliozuru Ulaya zamani na kuandika waliyoyaona, hutajwa kitabu cha Mirza Abu Talib Khan, ambacho kwa Kiajemi kinaitwa Masir-i Talibi fi Bilad-i Afranji, yaani safari za Talibi katika nchi za Mafaranji. Wahadhiri wetu na waandishi wetu hukipenda kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni pale mtunzi anapohesabu aibu kumi na mbili za Waingereza. Ya pili ni insha yake ya kuwatetea wanawake wa Asia, aliyoiandika kuwajibu watu wa London waliodai kuwa wanawake hao ni watumwa tu majumbani mwao. Sehemu ya kwanza hutumiwa kuwashambulia wengine, na ya pili hutumiwa kujikinga. Sisi tumekisoma upya kwa jicho la fiqhi na la historia, na tumeona kuwa kitabu ni bora kuliko matumizi yake, lakini pia kina mahali ambapo Mwislamu mwenye kuijua dini yake hana ruhusa ya kumfuata mtunzi hata hatua moja.

Tuanze kwa kumjua mtu mwenyewe. Mirza Abu Talib alizaliwa Lucknow mwaka 1752. Baba yake alikuwa na asili ya Kituruki, mzaliwa wa Isfahan, aliyekimbilia Uhindi kwa kuiogopa dhulma ya Nadir Shah. Mtoto akasomeshwa, akawa mtu wa kalamu na mashairi, akapata kazi katika utawala wa Awadh na ukusanyaji wa kodi, kisha mambo yakamgeukia. Kazi ikapotea, ahadi za wakubwa wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki hazikutimizwa, na yeye akabaki Calcutta na huzuni yake. Hapo rafiki yake wa Kiskoti, Kapteni David Richardson, akamwalika wasafiri pamoja. Mirza anasema wazi kwamba alikubali kwa kuwa alikuwa amechoka na maisha, na safari ndefu ya hatari huenda ikampumzisha kwa mauti. Msomaji aizingatie nia hii. Hakwenda kutafuta elimu, wala biashara, wala hakutumwa na mfalme. Ni mtu aliyevunjika moyo akapanda jahazi.

Waliondoka Februari 1799, wakapita Rasi ya Tumaini Jema, wakateremka Cork katika Ireland. Huko Cork alikutana na Mwislamu mwenzake wa Kihindi, Din Muhammad, aliyekuwa ameoa mke wa Kiireland na kutunga kitabu kwa Kiingereza mwaka 1794. Ni yule yule ambaye mwaka 1810 alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi London. Ameandika pia kwamba mafukara wa Ireland walikuwa katika hali mbaya mno, kiasi kwamba mkulima wa Uhindi mbele yao ni tajiri. Maneno haya yanafaa kukumbukwa na wanaodhani kuwa kila aliyefika Ulaya wakati ule alipigwa na bumbuwazi. Januari 1800 akaingia London, akakaa zaidi ya miaka miwili. Watu wakamwita mwana wa mfalme wa Uajemi, jina ambalo hakujipa, akapelekwa mbele ya Mfalme George III na mkewe, akaalikwa kila nyumba kubwa. Mwaka 1802 aliondoka kwa njia ya Ufaransa, Italia, Malta, Istanbul na Iraq, akayazuru makaburi matukufu ya Karbala na Najaf, na mwaka 1803 akarudi Calcutta na kukipanga kitabu chake.

Sasa suala la kwanza la kifiqhi: je, huyu ni shahidi anayekubalika? Hatuulizi kwa kumdharau. Yeye mwenyewe hafichi kwamba katika London alikunywa mvinyo pamoja na wenyeji wake, akahudhuria karamu za usiku na ngoma, na akatunga ghazali za kuwasifu mabibi wa mji ule. Tumlinganishe na Mirza Itisamuddin wa Bengal, aliyetangulia Uingereza katika miaka ya 1760 akifuatana na barua ya Shah Alam II kwa Mfalme George III, ambaye alishikilia kula chakula cha halali hata wenyeji wake wakamwona mzito. Lau wawili hawa wangesimama mbele ya kadhi, wa pili angesikilizwa na wa kwanza angeulizwa maswali.

Lakini wanazuoni wetu hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi huo. Imam Shafi katika Ar-Risala ametofautisha baina ya khabari na ushahidi wa mahakamani, na kila kimoja kina masharti yake. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat haikutuamuru tuitupe habari ya fasiki, imetuamuru tuihakikishe. Na katika mambo ya dunia yanayojulikana kwa macho na uzoefu, Mtume (S.A.W.) katika safari ya Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit kuwa mwongoza njia, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya washirikina. Alitegemea ujuzi wake wa njia, hakutegemea itikadi yake. Kwa hiyo kanuni tunayoichukua kwa kitabu hiki ni nyepesi kuifahamu: alichokiona Mirza kwa macho yake na kukipitia kwa mwili wake tunakipokea mpaka kipatikane cha kukipinga. Alichokisikia tunakipima.

Ukiisoma orodha ya aibu kumi na mbili kwa kanuni hii, utaona kuwa sehemu kubwa imesimama vizuri. Anataja udhaifu wa imani na kuelekea kwa wengi kwenye falsafa, kiburi cha wenye nguvu, tamaa ya mali, kupenda raha, wepesi wa hasira, kupoteza wakati katika kulala, kula na kuvaa, wingi wa mahitaji yasiyo ya lazima, majivuno ya elimu, ubinafsi, upungufu wa usafi wa ndoa, israfu, na mwisho kuzidharau desturi za watu wengine. Haya ni maneno ya mtu aliyekaa nao mezani. Katika suala la wakati anafika hadi kuhesabu saa za siku ya tajiri wa London, ngapi zinakwenda kwa usingizi, ngapi kwa mavazi na nywele, ngapi kwa chakula, na ngapi chache zinabakia kwa kazi. Katika majivuno ya elimu anawasema wale ambao wakijifunza herufi mbili za lugha ya watu hujifanya walimu na kuchapisha vitabu, na hata sarufi ya Kiajemi ya Sir William Jones, mtu aliyemheshimu sana, haikusalimika na kalamu yake.

Na uadilifu wake unaonekana zaidi kwa kuwa hakuishia kwenye aibu. Ameandika pia sifa zao njema: hisia ya heshima, kuwatukuza wenye ubora, hofu ya kuvunja kanuni za adabu, bidii ya kuboresha hali ya watu wa kawaida, mapenzi ya mashine na ufundi, ukweli katika maneno, na ukarimu. Aya ya 8 ya Suratul Maida imetukataza chuki ya watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu, na hapa Mirza ameitekeleza vizuri. Tunasikitika kwamba wengi wanaomnukuu huchukua zile kumi na mbili na kuziacha hizi.

Imo pia habari ya mahakama inayotufaa. Alipatana na mshonaji bei ya kushona koti, kisha mshonaji akadai zaidi ya mapatano, wakafika mbele ya hakimu, na hukumu ikampa haki mshonaji. Mirza alitoka akisema kwamba katika mahakama zile kanuni mara nyingi huishinda haki, na mjanja humshinda mwema. Mwanafunzi wa fiqhi atatabasamu hapa. Mkataba wa ijara bila mashahidi, mmoja anasema kumi na mwingine anasema ishirini: suala hili limejaza kurasa katika vitabu vyetu, nani apewe neno pamoja na kiapo chake, na hata mbele ya kadhi wa Lucknow Mirza asingekuwa na uhakika wa kushinda. Lakini tunaipokea habari yake, kwa sababu ilimkuta yeye.

Tufike sasa mahali penyewe. Katika aibu ya kumi, ile ya usafi wa ndoa, Mirza anaandika kwamba ni jambo linalojulikana kuwa katika parokia moja tu ya Marylebone, ambayo ni kama sehemu ya sita ya London, wanakaa makahaba elfu sitini. Maneno haya ndiyo yanayonukuliwa kuliko yote, na hunukuliwa kana kwamba ni hesabu ya serikali.

Basi tuiangalie hesabu ya serikali, kwani ipo. Sensa ya kwanza ya Uingereza ilifanyika Machi 1801, wakati Mirza mwenyewe akiwa London. Sensa hiyo iliikuta parokia ya Marylebone ina watu wapatao 64,000, wote kwa jumla: wanaume na wanawake, watoto wachanga, vikongwe, makasisi, watumishi, wauza maziwa na mabwana wenye magari ya farasi. Toa wanaume, toa watoto, toa wazee, uone kinachobakia. Hata kila mwanamke aliyekuwamo angehesabiwa kuwa kahaba, Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana hiyo, elfu sitini isingefikiwa. Idadi hii ni muhali. Na mtu ambaye alihesabu kwa umakini saa za siku ya tajiri, hapa hakuhesabu kitu. Aliambiwa mezani, akaandika.

Makahaba walikuwapo London na walikuwa wengi, hilo Waingereza wenyewe wa zama zile hawakulikana. Tunachokipinga ni idadi, na zaidi ya idadi, tunapinga njia. Neno la zinaa katika sheria yetu si neno la kutupwa kama mengine. Aya ya 4 ya Suratun Nur inamtaka anayewatuhumu wanawake watwaharifu alete mashahidi wanne, la sivyo apigwe mijeledi themanini na ushahidi wake usikubaliwe tena. Wanazuoni wameeleza kwamba haddi hiyo kamili ina masharti, na miongoni mwa masharti kwa jumhuri ni kuwa mwenye kutuhumiwa awe Mwislamu. Pia wamesema kwamba anayewatuhumu watu wa mji mzima, kwa namna ambayo akili haikubali kuwa wote wametenda, hapigwi haddi, kwa kuwa uongo wake uko dhahiri na fedheha haiwagusi waliotuhumiwa bali inamrudia yeye. Lakini hawakusema kuwa yuko salama. Wamesema anastahiki taazir, adhabu ya kumtia adabu. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kuwa wale ni wanawake wa Kinasara wa miaka mia mbili iliyopita na ulimi juu yao ni huru. Suala la haddi ni jingine, na suala la uharamu wa uongo ni jingine.

Na neno lake "inajulikana" nalo lichunguzwe. Kuenea kwa habari hakuitoi kwenye uvumi mpaka ijulikane waliotoa khabari ya kwanza walikiona wanachokisema. Wangapi katika wale waliomwambia Mirza habari ya Marylebone walikuwa wamehesabu? Hapana hata mmoja. Na ajabu ni hii: mabibi wa London waliomwambia Mirza kuwa wanawake wa Asia ni watumwa, nao walitumia hoja hiyo hiyo. Ilikuwa inajulikana. Kila mtu mezani alikuwa akiijua. Hakuna aliyekuwa ameingia nyumba moja ya Lucknow.

Insha aliyoandika kuwajibu ilitafsiriwa na kuchapishwa London yeye akiwa bado huko. Ina werevu mwingi. Anasema, kwa mfano, kwamba mume na mke wa Kiingereza kukaa chumba kimoja na kutembea pamoja kunatokana kwa sehemu na ughali wa London, ambako vyumba ni vichache na watumishi ni ghali, wala si dalili ya heshima kubwa zaidi kwa mwanamke. Anasema mke wa Asia ana mamlaka juu ya mali ya nyumba, watumishi na ndoa za watoto, anakwenda kwa wazazi wake akakaa siku kadhaa, na wakitengana na mumewe mabinti hubaki naye, ilhali mama wa Kiingereza huwaacha watoto wote kwa baba. Kuhusu wake wengi ana mzaha wake maarufu, kwamba kuishi na chui jike wawili ni rahisi kuliko kuishi na wake wawili, na wasomaji wenye ujuzi wa jambo hili watajua wenyewe kama amesema kweli.

Lakini ukiisoma kwa makini utaona kasoro moja kubwa: anatetea ada ya nyumba za wakubwa wa Lucknow, na msomaji anaondoka akidhani ametetewa sheria ya Kiislamu. Mke mwenye watumishi ishirini ana mamlaka juu ya watumishi ishirini. Na mke wa mfumaji wa nguo katika kijiji cha Awadh, ambaye hana mtumishi wala chumba cha pili, ana nini? Insha haimjui. Tena kwenda kwa wazazi na kukaa huko kwa hasira anakutaja kama uhuru, na mafakihi wana maneno marefu juu ya kutoka kwa mke na nafaka yake ambayo hayalingani na ada ile.

Na hoja iliyokuwa na nguvu kuliko zote ameigusa kwa mbali tu. Katika sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke alipoolewa mali yake ya kuhamishika ilikuwa ya mumewe, na hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Hali hiyo haikuanza kubadilika mpaka sheria ya mwaka 1870, na kwa ukamilifu zaidi ile ya 1882. Mwanamke wa Kiislamu, tajiri au fukara, mahari yake ni yake kwa aya ya 4 ya Suratun Nisaa, urithi wake ni wake kwa aya ya 7, na alichokichuma ni chake kwa aya ya 32. Hii si ada ya Lucknow. Ni haki ya mke wa mfumaji sawa na mke wa nawabu. Mbele ya mabibi wa London hoja hii ingewanyamazisha, kwani walijua hali yao. Yeye akawaeleza habari za watumishi.

Katika suala la watoto alikuwa karibu na ukweli zaidi. Ni mwaka 1839 tu ndipo sheria ya Uingereza ilipomruhusu mama kuomba mahakamani akae na watoto walio chini ya miaka saba, na kabla ya hapo baba alikuwa na neno la mwisho hata kama mtoto ananyonya. Kwa upande wetu madhehebu yamekubaliana kuwa mama ana haki ya kulea mtoto mdogo, yakahitilafiana katika muda: kwa Jaafari, kwa rai mashuhuri, mvulana ni miaka miwili na msichana saba, kwa Shafi ni mpaka utambuzi kisha mtoto ahiari. Kwa hiyo kanuni ya Mirza, mabinti kwa mama na wavulana kwa baba, ina asili katika sheria, ingawa ameipaka rangi moja mahali penye rangi nyingi.

Kuna kimya kimoja ambacho hatuwezi kukipita. Mwaka 1800 meli za Uingereza zilikuwa bado zinabeba watumwa kutoka Afrika kwa idhini ya sheria; biashara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1807, na utumwa wenyewe katika makoloni yao ukaondolewa kwa sheria ya mwaka 1833. Alipopita Rasi, Mirza aliwalaumu Waholanzi kwa ukatili wao kwa watumwa. Alipofika London, ambako meza alizokula ziliwekwa sukari ya mashamba ya utumwa, aibu kumi na mbili zilipangwa na hiyo haimo. Kupoteza muda katika kuvaa kumo. Hatusemi alificha. Pengine mtu aliyekulia katika nyumba yenye watumwa haoni haraka kwa jirani kile alichokizoea kwake, na hili linawahusu wengi wetu wa pwani hii tunaposoma historia za babu zetu.

Tukilinganisha na msafara wa kwetu, Sayyid Barghash bin Said alizuru London mwaka 1875 na Zahir bin Said akaandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu. Kile ni kitabu cha mgeni wa dola: kinaeleza alichoonyeshwa. Mirza alitembea kwa miguu yake, akadaiwa na mshonaji, akabishana mezani. Walipoicheka ibada ya Hija mbele yake, aliwauliza maana ya kumbatiza mtoto asiyejua anachofanyiwa. Walipomlaumu kwa kula kwa mikono, aliwajibu kwamba mikono ya mtu mwenyewe ni safi kuliko miguu ya kijana wa mwoka mikate, kwani nusu ya mikate ya London ilikandwa kwa miguu. Hiyo nusu nayo, kwa kanuni yetu, tungependa kujua nani aliihesabu.

Limebaki suala la sanadi. Wengi wanaomnukuu Mirza hawajamsoma yeye. Wamemsoma Charles Stewart, afisa wa zamani wa jeshi la Kampuni, aliyechapisha tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1810 na ambaye kuna sehemu alizoziacha. Matini ya Kiajemi ilichapishwa Calcutta mwaka 1812 kwa juhudi za mwanawe Mirza. Atakayejitolea kukileta kitabu hiki katika Kiswahili, na tunaomba apatikane, aanzie hapo, na afikapo kwenye ukurasa wa Marylebone aweke pembeni yake sensa ya mwaka 1801.